Wakali na Wapole wa Kulinda Ardhi: Tusikubali Wagombanishwe

Ndugu wanachama, kila penye watu wanaoijali ardhi yao hapakosi mabishano ya namna mbili. Wako wasemao: tupande miti, tufundishane, tuseme na wakubwa kwa adabu, mambo yatatengenea. Na wako wasemao: wakati wa maneno umepita, yafaa tukatae, tushtaki, tuandamane, hata wakubwa wakinuna. Wa kwanza huitwa wapole na wa pili huitwa wakali. Mabishano hayo yako Ulaya na Marekani, yako Nairobi na Kampala, na hayawezi kukosekana hapa kwetu Runzewe, ambapo barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi yapita katikati ya mji, misitu ya Kigosi iko upande mmoja na machimbo ya dhahabu upande mwingine.

Twaandika leo kwa sababu twaona hatari. Hatari hiyo si mabishano yenyewe, maana watu huru hubishana. Hatari ni kwamba wako wanaofaidika makundi haya yakigombana. Mkata miti asiye na kibali hufurahi akisikia mpole akimwita mkali "mchochezi". Mwenye fedha atakaye ardhi ya kijiji bila kukiuliza kijiji hufurahi akisikia mkali akimwita mpole "kibaraka". Wakishaitana hivyo, hakuna tena wa kumzuia. Basi yatupasa tujue makundi haya ni ya namna gani, yamefanya nini, na sisi tusimame wapi.

KAZI YA WAPOLE

Tuanze nyumbani. Kabla Mkoa wa Geita haujaundwa mwaka 2012, Bukombe ilikuwa sehemu ya Shinyanga, na habari ya Shinyanga ni habari yetu. Tangu miaka ya 1920 mkoloni aliwakusanya watu kufyeka pori ili kumwondoa mbung'o. Pamba ikafuata, ng'ombe wakaongezeka, miti ikaendelea kukatwa. Ilipofika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1974 na 1975, familia nyingi ziliacha makazi yao ya zamani, na malisho waliyokuwa wakiyatunza yakabaki bila mwenyewe. Mwisho wake watu wa nje walianza kuiita Shinyanga jangwa.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wananchi waliuita HASHI. Mwanzoni wakubwa wa mpango walifanya kama ilivyo desturi ya wakubwa. Walijenga vitalu, wakaleta miche ya miti ya kigeni, wakawaambia watu wapande. Watu hawakuvutiwa sana. Ndipo maofisa wakafanya jambo la akili: wakawauliza wazee, "Zamani mlikuwa mkifanyaje?" Wazee wakajibu: ngitili.

Kwa msomaji asiye Msukuma, ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa masika, mifugo isiingie, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ng'ombe wapate chakula. Katika ngitili hakuna haja ya kuchimba mashimo wala kununua miche. Visiki vilivyokatwa huachwa vichipue vyenyewe. Kanuni zake zilitungwa na watu wenyewe katika dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa likaupa mpango huo Tuzo ya Ikweta. Wataalamu walipohesabu faida ya kuni, asali, dawa, matunda, majani ya kuezekea na malisho, waliona kwamba kila mtu katika nchi hiyo alipata kitu cha thamani ya kama dola 14 za Kimarekani kwa mwezi. Kwa mkulima hiyo si fedha ndogo.

Hii ni kazi ya wapole. Hakuna aliyeandamana, hakuna aliyefungwa, hakuna aliyemtukana mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijaa. Mtu asimcheke mpole mbele yetu.

Lakini tuseme na upande wa pili. Ngitili nyingi zilikuwa za mtu au za ukoo, na mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na asiye na ardhi akabaki akitazama kwa jirani. Tena, dagashida yaweza kumtoza faini kijana aliyeingiza ng'ombe, lakini haina meno ya kumzuia mtu anayekuja na karatasi yenye muhuri. Hapo ndipo upole hufika mwisho wake. Na wako wapole wa namna nyingine ambao hawakuwahi kulinda ngitili hata moja. Kazi yao ni semina na fulana. Tarehe 5 Juni ikifika, Siku ya Mazingira Duniani, hupanda mche mbele ya wapiga picha, kisha hawarudi kuumwagilia. Mpole wa namna hiyo ni pambo tu, na wale wanaoiharibu ardhi hupenda kuwa na pambo.

KAZI YA WAKALI

Sasa tuwatazame wakali, na tuwatazame kwa haki kama tulivyowatazama wenzao.

Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kujenga mabwawa makubwa ya kufugia kamba katika delta ya Rufiji, penye mikoko mingi kuliko mahali pengine pote katika pwani yetu. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilishauri mpango ukataliwe. Hata hivyo mwaka 1997 Serikali iliukubali. Wananchi wa delta hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani, wakisaidiwa na chama cha wanasheria wa mazingira kiitwacho LEAT, kilichoanzishwa mwaka 1994. Waandishi wa chama cha JET, kilichoanza mwaka 1991, wakaiandika habari hiyo magazetini mpaka nchi nzima ikaijua. Mabwawa yale hayakujengwa. Laiti wananchi wale wangengoja kwa adabu, leo tungeuliza mikoko ilikwenda wapi.

LEAT haohao ndio waliodai uchunguzi huru juu ya kuondolewa kwa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu mwaka 1996, huku kwetu. Serikali na wenye mgodi walikanusha madai ya vifo, na viongozi wa chama hicho wakashtakiwa kwa uchochezi mwaka 2002. Hatuandiki leo ili kuamua kesi ile. Twataka wanachama wajue tu kwamba ukali una bei yake, na aulipaye mara nyingi ni mwenyeji, si mgeni.

Lakini mkali naye ana ugonjwa wake. Mwezi Oktoba 2022 vijana wawili walimwaga supu juu ya kioo cha picha ya alizeti ya Van Gogh katika jumba la sanaa la London. Dunia nzima ilizungumza juu ya supu, na wachache sana walizungumza juu ya mafuta yaliyokuwa sababu ya kumwaga supu. Kundi jingine la Uingereza, Extinction Rebellion, lililoanza mwaka 2018 kwa kufunga barabara na madaraja, lilitangaza mwaka 2023 ulipokuwa ukiingia kwamba linaacha kwa muda kuwasumbua wapita njia na badala yake litakusanya watu wengi zaidi. Nao walikuwa wametambua kwamba mtu aliyecheleweshwa kazini hawi rafiki wa hoja yako kwa sababu tu hoja ni ya kweli.

BOMBA LA MAFUTA NA MANENO YA "KUTUMWA"

Jambo hili lilitufikia sisi wenyewe kwa njia ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Urefu wa bomba ni kilometa 1,443, na kati ya hizo kilometa 1,147 ziko Tanzania. Njia yake imepangwa kupita katika mikoa minane yetu, na Wilaya ya Bukombe imo. Hisa kubwa, asilimia 62, ni za TotalEnergies ya Ufaransa. Mashirika ya mafuta ya Tanzania na Uganda yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8.

Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu mradi huo na kutaka ucheleweshwe. Wengi wetu tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Watu waliojenga viwanda vyao kwa makaa ya mawe na mafuta kwa muda wa miaka mia mbili, ambao hata leo magari yao hayaendi kwa maji, hawana ruhusa ya kuitawala ardhi yetu kwa azimio. Tuliwaondoa watawala wao mwaka 1961, na hatukuwaondoa ili warudi kwa mlango wa mazingira.

Lakini hasira isitupofushe. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wanafunzi tisa walikamatwa mjini Kampala kwa kuandamana kupinga bomba hilo. Wale hawakuwa Wazungu. Walikuwa watoto wa Uganda. Na kabla yao, katika nchi zote mbili, watu ambao mali zao zilikwisha kuthaminiwa walikaa miaka bila kulipwa, huku hawajui kama wapande migomba au waache. Malalamiko ya namna hiyo hayakutungwa Brussels. Mkulima hahitaji kufundishwa na Mzungu ili ajue kwamba hajalipwa.

Basi mtu akisema kila anayelalamika ametumwa, tumkumbushe jambo moja. Hilo ndilo neno alilolitumia mkoloni juu ya TANU. Alisema wananchi wameridhika, ila wako wachochezi wachache wanaowapotosha. Kwa sababu hiyo TANU ilinyimwa ruhusa katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Chama kilichozaliwa kwa kuitwa cha wachochezi hakiwezi kulitumia jina hilo ovyo juu ya watoto wake.

Liko na somo jingine katika bomba hilo. Mwezi Novemba 2020 vyama vinne vya Uganda, Kenya na Tanzania vilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mwezi Novemba 2023 mahakama hiyo iliitupa kesi. Haikuitupa kwa kusema kwamba mradi hauna madhara. Iliitupa kwa sababu ilifunguliwa nje ya muda uliowekwa katika Mkataba wa Jumuiya, ambao ni miezi miwili. Wakali walikuwa na moyo, lakini kalenda iliwashinda. Pale alihitajika mpole: yule mtu mtaratibu asomaye kila karatasi, ahesabuye siku, na kukumbusha kabla mlango haujafungwa.

SOMO LA MWAKA 1958

Wako wanachama wasemao kwamba chama hakina haja ya kujiingiza katika habari za mazingira. Hao wamesahau historia ya nchi hii. Usukumani, ugomvi wa ardhi ndio ulioleta siasa.

Tangu mwaka 1947 mkoloni aliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Ukiusoma katika karatasi, ulikuwa mpango wa kuhifadhi ardhi: kuzuia mmomonyoko, kuchimba malambo, kulima kwa matuta ya kufungwa, kupunguza mifugo. Mengine yalikuwa mazuri. Lakini yaliletwa kwa amri na faini. Mkulima alishtakiwa kwa kukosa matuta, na mfugaji alilazimishwa kupunguza ng'ombe wake kila mwaka. Mtu akikuambia uokoe ardhi kwa kukunyang'anya ng'ombe, huoni ardhi, waona ng'ombe aliyekwenda. Chuki ikakua, na kufikia mwaka 1958 amri zile hazikuwa na nguvu tena.

Mwaka huohuo 1958 yalitokea mambo mawili. La kwanza, mwezi Januari, TANU ilikutana Tabora kuamua kama itaingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Wakali walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere alisimama upande wa kuingia, na hoja yake ikashinda. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. La pili, katikati ya mwaka, wananchi wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa walilolazimishwa na serikali. Waliandamana mpaka Mwanza, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Haikupita muda mrefu mabaraza ya kulazimishwa yakaachwa.

Watu hupenda kuuliza ni nani aliyeleta Uhuru, wapole wa Tabora au wakali wa Geita? Sisi twasema swali hilo ni la mtoto. Gavana alipoketi mezani na Nyerere alijua kwamba nyuma ya Nyerere wako watu wa Geita. Bila Geita, upole wa Tabora ungeonekana kuwa ni woga. Bila Tabora, ukali wa Geita ungeishia katika moshi wa mabomu na kesi za mahakamani. Na Bwana Mtemvu hakushindwa kwa sababu alikuwa mkali. Alishindwa kwa sababu alijitenga, akabaki na ukali usio na watu nyuma yake.

Wenzetu wa Kenya walipata bahati ya kuwa na mambo yote mawili ndani ya mtu mmoja. Profesa Wangari Maathai alianza mwaka 1977 na akina mama wa vijijini, wakipanda miche. Hiyo ni kazi ya upole kabisa, na kwa miaka mingi wakubwa hawakumwogopa. Mwaka 1989 ulipotoka mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, aliandika barua, akapinga hadharani, akatukanwa mpaka ndani ya Bunge. Jumba halikujengwa. Mwezi Januari 1999 alipigwa na walinzi akijaribu kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa wenye fedha. Karura bado upo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuwa mkali kwanza kisha akawa mpole, wala mpole kisha akawa mkali. Alipanda palipofaa kupanda, akakataa palipofaa kukataa, na akina mama wale wa miche ndio waliokuwa jeshi lake siku ya kukataa.

MIZANI YETU

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tukimpima mtu wa mazingira tusimpime kwa sauti yake. Sauti kubwa yaweza kuwa ya mnafiki, na sauti ndogo yaweza kuwa ya shujaa. Tumuulize maswali matatu.

Kwanza, ardhi anayoitetea ni ya nani, na wenye ardhi wenyewe wamesemaje? Anayekuja kutuokoa bila kutuuliza ni ndugu wa yule aliyetupunguzia ng'ombe mwaka 1947, awe mkali au mpole, mweusi au mweupe.

Pili, anakula kwa nani? Hatusemi kwamba kila fedha ya kutoka nje ni sumu. HASHI yenyewe ilisaidiwa na Norway, na ngitili ni mali yetu hata hivyo. Lakini fedha zisiwe siri. Kikundi kinacholipwa na kampuni kiseme. Kikundi kinacholipwa na wafadhili wa ng'ambo kiseme pia. Mwananchi apime mwenyewe.

Tatu, mradi ukiisha, yeye atakuwa wapi? Mzee wa dagashida atakuwepo. Mama apikaye kwa kuni atakuwepo. Mfuga nyuki mwenye mizinga yake porini atakuwepo. Asiyekuwepo baada ya mradi aweza kutoa shauri, lakini asitoe amri.

Tukiyatumia maswali haya tutaona kwamba katika makundi yote mawili wamo watu wetu, na katika yote mawili wamo wageni waliovaa nguo zetu.

RUNZEWE IFANYE NINI

Maneno matupu hayaoti majani. Tuseme yanayotuhusu hapa.

La kwanza ni zebaki. Wachimbaji wetu wadogo huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani vizuri, lakini huingia mwilini, ukadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake. Tanzania ilitia sahihi Mkataba wa Minamata mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, na serikali ya huko ikakiri sababu yake mwaka 1968, miaka 12 baadaye. Katika miaka hiyo walikuwepo madaktari waliochunguza kimya kimya, na walikuwepo wavuvi waliokivamia kiwanda mwaka 1959. Kazi ya madaktari ilimpa mgonjwa ushahidi, na kazi ya wavuvi ilizuia ushahidi usizikwe. Mwaka 1973 wagonjwa walishinda mahakamani.

Basi hapa kwetu mpole aende machimboni awafundishe wachimbaji kutumia chombo kinachofunga mvuke, na kutochoma dhahabu jikoni penye watoto. Lakini mchimbaji si adui, na asiye na fedha hawezi kununua chombo kwa mahubiri. Mkali naye asimpigie kelele kijana wa duarani mwenye suruali iliyotoboka. Ampigie kelele anayeiuza zebaki kwa magendo na anayenunua dhahabu bila kujali imechomwa wapi.

La pili ni miti. Maduara yanataka magogo ya kushikilia kuta, mji unataka mkaa, mashamba yanataka nafasi. Vyote vyatoka katika misitu ileile ambamo wafuga nyuki wetu huweka mizinga. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia. Kijiji ambacho hakijautumia uwezo huo kisilie kesho. Wapole waandike mipaka na kanuni. Wakali wasimame njiani usiku lori la magogo lisilo na kibali likipita, waite wenye mamlaka, na wenye mamlaka wasipofika waulize kwa nini mbele ya mkutano.

La tatu ni mkutano wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti juu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inataka miradi mikubwa ipimwe madhara yake kabla haijaanza. Haya si maneno ya wafadhili, ni sheria zilizotungwa na Bunge letu. Mradi wowote ukija, uwe mgodi, bomba au shamba, tawi la chama lidai taarifa ya tathmini isomwe kijijini kwa Kiswahili, na tarehe za fidia ziandikwe ubaoni. Asiyelipwa aandike malalamiko yake mapema, asije akaambiwa kama wale wa Arusha kwamba muda umepita.

Na kuna neno kwa viongozi wetu wa chama, tuliseme bila kuogopana. Kijana wa Runzewe akija ofisini kwako kusema kisima chake kimechafuka, usimuulize ametumwa na nani. Nenda ukione kisima. Ukikuta maji ni safi, mwambie mbele ya watu, naye atanyamaza. Ukikuta ni machafu, basi yeye amefanya kazi yako, na unamwia shukrani. Kiongozi anayewaogopa wakali wa nyumbani atawaachia wakali wa ng'ambo uwanja mzima, kisha atashangaa kwa nini habari za Bukombe zinasomwa Brussels kabla hazijasomwa Bukombe.

Wazee walituachia methali mbili. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpole huichukua ya kwanza akaiacha ya pili, na mkali hufanya kinyume chake. Wazee hawakuwa wajinga walipotuachia zote mbili. Walijua kwamba mtu mwenye akili hutazama kwanza jambo lenyewe, ndipo akachagua.

Shime basi, wanachama wa Runzewe na wa nchi yote ya ziwa. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ujao usiupite. Mje na wazee wa ngitili, mje na wafuga nyuki, mje na wachimbaji, na msiwaache nyumbani vijana wenye maneno makali. Waketi kwenye benchi moja, na ajenda ya kwanza iwe zebaki, ya pili msitu.